Uchu wa Majira ya Baridi: Unatoka Wapi, na Tuushughulikie Vipi

Kila mwaka baridi inapoanza kukaza, mazungumzo yaleyale hurudi. Mmoja husema mwili wake unadai mafuta na wanga kwa sababu unahitaji joto. Mwingine husema hamu yake ya chokoleti ni ishara kwamba amepungukiwa na madini fulani. Wa tatu hujilaumu kwamba hana msimamo, akaapa kuwa kuanzia Jumatatu hatagusa sukari. Wote watatu wanazungumzia jambo la kweli, maana hamu ya vitu vitamu, vya unga na vya mafuta huwaongezeka watu wengi katika miezi ya giza na baridi. Maelezo yao, hata hivyo, kwa sehemu kubwa si sahihi, na maelezo yasiyo sahihi huzaa tiba isiyofaa. Anayeamini kwamba mwili unadai mafuta hula bila kipimo. Anayeamini kwamba tatizo ni udhaifu wa tabia hujinyima mpaka ashindwe, kisha hujichukia kwa kushindwa.

Maoni yangu, nitakayojaribu kuyaeleza hatua kwa hatua, ni kwamba uchu wa majira ya baridi huanzia mbali na sahani. Huanzia kwenye mwanga, usingizi, mazoea ya nyumbani na jinsi tunavyopanga milo ya mchana. Anayepigana nao mezani usiku huwa amechelewa saa nyingi.

Njaa na uchu ni vitu viwili

Njaa ni haja ya mwili kupata chakula ili uendelee kufanya kazi. Hujengeka polepole kadiri saa zinavyopita tangu mlo wa mwisho, huhisiwa tumboni, na hutulizwa na karibu chakula chochote. Homoni kadhaa huiendesha, na mbili kati yake zafaa kujulikana kwa jina. Leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994, hutolewa na tishu za mafuta na kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, hutolewa hasa na tumbo, nayo hupanda muda wa mlo unapokaribia. Tukiufananisha mwili na nyumba yenye ghala, leptini ni mtunza ghala anayeleta taarifa ya magunia yaliyobaki, na grelini ni mtoto anayekuja jikoni kuuliza kama chakula kimeiva. Mtunza ghala anaweza kusema magunia ni mengi, na mtoto bado akauliza, kwa kuwa saa yake ya kula imefika.

Uchu ni hamu kali ya chakula mahususi, chenye ladha na umbile lake, na unaweza kumpata mtu dakika kumi baada ya kushiba. Mwenye njaa akipewa viazi vya kuchemsha atashukuru na kula. Mwenye uchu atavitazama, atasema hana hamu, kisha atainuka kutafuta keki. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote ninavyovijua: hamu inapokujia, jiulize kama ungekula chakula cha kawaida kisicho na mbwembwe. Ukijibu ndiyo kwa moyo mmoja, hiyo ni njaa, na dawa ya njaa ni kula. Ukijibu hapana, basi una uchu, na uchu una mwenendo wake.

Mwenendo huo ulielezwa vizuri mwaka 2005 na kundi la wanasaikolojia, akiwemo Jackie Andrade wa Uingereza. Kwa maelezo yao, uchu hukua kwa njia ya picha za akilini. Wazo dogo la chakula hupita kichwani, jambo la kawaida kabisa. Lakini mtu akilishikilia, huanza kukiona chakula hicho, kukinusa, kuhisi kinavyoyeyuka mdomoni. Picha hiyo humpa raha ya muda mfupi, na papo hapo humtia uchungu wa kukikosa kile anachokiona, na uchungu huo humrudisha kwenye picha. Ndiyo maana shughuli inayohitaji jicho la akilini, kama mchezo wa kupanga vipande kwenye skrini, imeonekana katika majaribio kupunguza nguvu ya uchu: picha mbili haziwezi kukaa vizuri kwenye ukuta mmoja.

Lakini wazo la kwanza hutoka wapi? Mara nyingi hutoka kwenye ishara iliyozoeleka. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mbwa hutokwa na mate kwa ishara tu, ikiwa ishara hiyo imezoea kutangulia chakula. Sisi pia tuko hivyo. Giza la mapema jioni, blanketi, kiti kilekile mbele ya televisheni: ikiwa mara nyingi mambo hayo yamefuatwa na biskuti, basi yenyewe yanatosha kuamsha hamu ya biskuti, hata tumbo likiwa limejaa. Na majira ya baridi, kuliko majira mengine yoyote, hutujazia ishara za namna hiyo.

Mwanga, kabla ya baridi

Watu wengi hudhani kinachobadilisha hamu ya kula ni baridi yenyewe. Mimi ningeweka giza mbele ya baridi. Ndani ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli kinachofanya kazi ya saa, nacho hujirekebisha kila siku kwa mwanga unaoingia machoni. Giza linapoingia, mwili hutoa melatonini, homoni inayoutangazia usiku. Mwanga wa asubuhi huizima na kuanzisha siku. Kwa mtu anayeishi karibu na ikweta, mpangilio huu haubadiliki sana mwaka mzima. Kwa anayeishi mbali na ikweta, kaskazini au kusini, majira ya baridi humfanya aamke gizani, afanye kazi chini ya taa, na kurudi nyumbani gizani, na saa ya mwili hubaki kama mfanyakazi aliyekosa kusikia kengele ya asubuhi.

Tofauti ya mwanga wa ndani na wa nje ni kubwa kuliko macho yetu yanavyotuambia, kwa sababu macho hujizoesha haraka. Mwanga unaofikia uso wa kitu hupimwa kwa luksi. Ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 300 hadi 500, na sebule ya jioni mara nyingi huwa chini ya hapo. Nje, hata siku ya mawingu, mchana huweza kufikia luksi elfu kadhaa, na siku ya jua kali hupita luksi 50,000. Kwa hiyo mtu anayekaa ndani kuanzia asubuhi hadi jioni, ijapokuwa taa zote zimewashwa, kwa upande wa saa ya mwili wake yuko karibu na gizani.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliwapima wanaume 101 wenye afya kwa kuchukua damu kwenye mishipa inayotoka kwenye ubongo, wakaona kwamba shughuli ya serotonini, kemikali inayohusika na hisia za furaha au huzuni na pia na shibe, ilikuwa chini zaidi katika majira ya baridi, na ilipanda kulingana na saa za jua za siku ileile. Kabla ya hapo, mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walikuwa wameeleza hali ya wagonjwa 29 waliopatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kila baridi ilipoingia na kupona majira yalipobadilika. Dalili zao zilikuwa za aina yake: badala ya kukosa usingizi na hamu ya kula, kama ilivyo katika sonona nyingi, wengi wao walilala kupita kiasi, walitamani sana wanga na wakaongezeka uzito. Hali hiyo sasa inatambuliwa kitabibu kama sonona ya majira. Wengi wetu hatuna ugonjwa huo kamili, bali tuna kivuli chake: uzito wa kuamka, uchovu wa alasiri, na mkono unaokwenda wenyewe kwenye mkate mtamu.

Hapa kuna maelezo yaliyoenea sana ambayo yanahitaji kupunguzwa kidogo. Inasemekana kwamba tunakula wanga ili kujitengenezea serotonini, yaani kujitibu. Chanzo cha wazo hili ni utafiti halisi: mlo wa wanga mtupu huamsha insulini, na kwa mzunguko fulani huiwezesha triptofani, malighafi ya serotonini, kuingia kwa wingi zaidi kwenye ubongo. Lakini protini kidogo tu ndani ya mlo hutosha kuuzuia mzunguko huo, na vyakula vingi tunavyovitamani vina protini ndani yake, tena huwa na mafuta mengi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba keki ni dawa ya moyo. Ni sahihi zaidi kusema kwamba mtu aliyechoka na mwenye moyo mzito hutafuta raha iliyo karibu na ya haraka, na kitu kitamu kimekuwa raha hiyo tangu utotoni.

Usingizi nao una sehemu yake. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Chicago lililotolewa mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, usiku mbili mfululizo. Wakilinganishwa na walipolala kwa muda wa saa 10, grelini yao ilipanda kwa asilimia 28, leptini ikashuka kwa asilimia 18, na hamu ya kula ikaongezeka, hasa ya vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga. Turudi kwenye mfano wa nyumba: baada ya usiku mbaya, mtunza ghala anaripoti upungufu usiokuwepo, na mtoto anauliza chakula kila baada ya dakika chache. Mtu anayekesha mbele ya skrini kwa sababu jioni ya baridi ni ndefu, kisha akajilaumu kesho yake kwa kula sana, anajilaumu kwa kosa lisilo lake. Kosa lilitendeka usiku.

Je, mwili haudai mafuta ili upate joto?

Dai hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana halifi. Mwili unapopoa kweli hutumia nishati zaidi: misuli hutetemeka, na mafuta ya kahawia, aina ya mafuta ambayo kazi yake ni kutengeneza joto, huanza kuchoma akiba. Tafiti zilizotolewa mwaka 2009 zilithibitisha kwamba hata watu wazima wana mafuta hayo kiasi, yaliyodhaniwa zamani kuwa ya watoto wachanga tu. Mtu anayefanya kazi nje kwenye theluji kutwa nzima anahitaji chakula zaidi, hilo halina ubishi.

Swali ni kama sisi tunapoa kweli. Wengi wetu hutoka kwenye nyumba yenye joto, tukavaa koti zito, tukapanda gari au basi, tukaingia ofisini kwenye joto. Ngozi ya uso ndiyo huonja baridi. Kiini cha mwili hubaki kwenye nyuzi 37 zake za kawaida. Nishati ya ziada tunayotumia kwa hali hiyo ni ndogo, na hupunguzwa zaidi na ukweli kwamba tunatembea kidogo kuliko majira ya joto. Ni kweli pia kwamba kula kunaleta joto, kwa kuwa kumeng'enya chakula hutumia karibu asilimia 10 ya nishati iliyomo ndani yake, lakini sweta hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Pombe ni mbaya kuliko mafuta katika hesabu hii. Humfanya mtu ahisi joto kwa sababu hupanua mishipa ya damu ya ngozini, lakini damu hiyo ya joto iliyoletwa juu hupoteza joto lake hewani, na kiini cha mwili hupoa. Mtu hujisikia vizuri huku hali yake ikizidi kuwa mbaya, na kwa anayetoka nje usiku wa baridi kali, hisia hiyo ya uongo ni hatari kwa maisha yake.

Uchu kama ujumbe wa upungufu

Imani nyingine ni kwamba mwili una hekima, na ukitamani chokoleti maana yake umepungukiwa na magnesi. Tuijaribu kwa swali moja. Magnesi inapatikana kwa wingi kwenye karanga, mbegu, maharage na mboga za majani mabichi. Kama mwili ungekuwa unaitafuta, mbona hakuna anayeamka usiku kutafuta sufuria ya mchicha? Tunatamani vile vyenye sukari, mafuta na chumvi kwa mchanganyiko wa kuvutia, iwe vina madini au havina. Na wanaokosa vitamini D, upungufu wa kawaida kabisa katika majira ya baridi, hawapatwi na hamu yoyote ya samaki.

Upo mvuto mmoja ambao sitaki mtu aupuuze. Hamu ya kula vitu visivyo chakula, kama udongo, chaki au wanga mbichi, na hamu kubwa ya kutafuna barafu, mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Hapo uchu unastahili kupelekwa maabara kupimwa damu. Kwa anayetafuna barafu, hamu hiyo kwa kawaida huisha upungufu unapotibiwa.

Kujinyima hakuponyi uchu

Mwezi Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza jaribio na wanaume 36 waliojitolea. Baada ya wiki kadhaa za kula kawaida, chakula chao kilipunguzwa sana kwa wiki 24, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa watu timamu, wenye nia njema na msimamo imara, na nia yao haikuwakinga. Chakula kilitawala fikira zao; walisoma vitabu vya mapishi, walikusanya maelekezo ya kupika vyakula wasivyoweza kuvila, na mazungumzo yao yalirudi palepale. Walipoachiwa kula tena, wengi walikula kiasi cha kushangaza na hawakuhisi kushiba.

Jaribio lile lilikuwa la njaa kali, na hakuna anayeweza kulilinganisha moja kwa moja na mtu aliyeamua kuacha kifungua kinywa. Hata hivyo linatufundisha upande ambao mambo huelekea. Mtu anayeruka milo ya mchana ili kufidia alichokula jana anaipa njaa nafasi ya kujengeka, na jioni, wakati wa uchovu na giza, njaa na uchu hukutana mlangoni. Huo ndio muda ambao watu wengi hushindwa, halafu husema hawana msimamo.

Ipo pia tofauti kati ya kula kidogo mno na kula kitu fulani mara chache. Tafiti za watu wanaopunguza uzito zimeonyesha kwamba uchu wa chakula fulani hudhoofika mtu anapokila mara chache zaidi, wakati kukila kila siku kwa vipande vidogo vidogo hakuudhoofishi vivyo hivyo. Inaingia akilini ukikumbuka mbwa wa Pavlov: ishara inayofuatwa na chakula kila jioni hubaki hai, hata chakula chenyewe kikiwa kidogo. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kipande cha keki kinacholiwa mara moja kwa wiki, mezani, kwa raha na bila kujificha, kina madhara machache kuliko biskuti mbili za kila usiku mbele ya televisheni.

Na hofu ya uzito ipunguzwe pia. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2000 uliwafuatilia watu wazima 195 katika kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka, ukaona kwamba waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37, kiasi kidogo sana kuliko wao wenyewe walivyoamini. Tatizo lilikuwa kwamba kiasi hicho kidogo hakikuondoka miezi iliyofuata, kikabaki na kusubiri cha mwaka mwingine. Anayeijua hesabu hii haoni sababu ya kufunga kwa mshtuko mwezi Januari; anahitaji tu kurudisha mazoea yake mapema.

Kuanza kazi mapema katika siku

Kama uchu huanzia mbali na sahani, basi kazi ya kuutuliza huanza asubuhi, na kitu cha kwanza ni mwanga. Kutoka nje kwa nusu saa kabla ya adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, huipa saa ya mwili kengele iliyoikosa. Anayeishi mahali ambapo asubuhi yote ni giza anaweza kutumia taa maalumu ya luksi 10,000 kwa takriban dakika 30 baada ya kuamka, lakini mwenye ugonjwa wa macho au anayepatwa na vipindi vya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, mara msisimko mkubwa, mara huzuni nzito, amwone daktari kwanza, kwa sababu taa hiyo inaweza kumdhuru.

Matembezi hayo ya nje yana faida ya pili. Majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter yameonyesha kwamba kutembea kwa haraka kwa dakika 15 hupunguza hamu ya chokoleti kwa watu waliozoea kuila. Kwa hiyo hamu ikikupata alasiri, inuka utembee kwanza. Uchu hupanda, hufika kileleni na kushuka kama wimbi, hata asipolishwa chochote mwenye nao. Anayedhani kwamba utaendelea kupanda mpaka ale ndiye anayekimbilia kula. Aliyewahi kuutazama ukipita mara mbili tatu huacha kuuogopa.

Kisha milo. Mlo unaokaa tumboni una protini na nyuzinyuzi: mayai, samaki, maharage, dengu, nafaka isiyokobolewa, mboga. Supu nene ya maharage na mboga ni rafiki mkubwa wa majira haya, kwani inaleta joto, maji, protini na nyuzinyuzi kwenye bakuli moja. Kinyume chake ni vyakula vilivyosindikwa sana viwandani. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za taifa za Marekani waliwaweka watu 20 kituoni, wakawapa vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa kwa wiki mbili, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, ingawa milo yote ilipangwa kuwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Nani angesema kwamba watu walewale walikuwa na msimamo wiki mbili na wakaupoteza wiki mbili nyingine? Kilichobadilika ni chakula kilichowekwa mbele yao.

Jambo hilo linanipeleka kwenye kabati. Chakula kilicho mkononi huliwa. Kinachohitaji kuvaa koti na kutoka nje kwenye baridi mara nyingi husahaulika. Majira ya baridi, ambayo katika mengine yote hutusumbua, katika hili hutusaidia: anayenunua vitamu kwa ajili ya siku moja tu, badala ya kuvihifadhi ndani, huuachia ubaridi wa nje kazi ya kumlinda. Na ishara za jioni zibadilishwe pale zinapoweza kubadilishwa. Kiti kingine, kikombe cha chai isiyo na sukari mkononi, kazi ya kushona au fumbo la kujaza, chochote kinachoshika mikono na jicho la akilini. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takriban gramu 25, sawa na vijiko vya chai sita. Vinywaji moto vyenye sukari vinaweza kumaliza kiasi hicho kabla ya chakula cha mchana, na mtu asijue.

Maji pia husahaulika. Baridi hupunguza hisia ya kiu, huku hewa kavu ya vyumba vinavyopashwa joto ikichukua unyevu mwilini. Uchovu na kichwa kizito vinavyofuata ni rahisi kuvisoma kama hamu ya kitu kitamu.

Kubaki na afya, zaidi ya chakula

Mafua huletwa na virusi, na baridi peke yake haiwezi kumpa mtu mafua ambayo virusi vyake havipo. Lakini majira haya huvisaidia virusi kwa njia kadhaa: tunakusanyika kwenye vyumba vilivyofungwa, hewa huwa kavu, na virusi vingi vya mafua ya kawaida huzaliana vizuri zaidi kwenye nyuzi 33 hadi 35 za ndani ya pua kuliko kwenye nyuzi 37 za kiini cha mwili. Kwa hiyo kufungua dirisha kwa dakika chache, kunawa mikono kwa sabuni kwa angalau sekunde 20, na kuchanja dhidi ya homa ya influenza ni kinga ya kweli kuliko kinywaji chochote kinachotangazwa. Antibayotiki haziui virusi.

Vitamini C inasifiwa kupita uwezo wake. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kumeza vidonge vyake kila siku hakupunguzi idadi ya mafua kwa watu wa kawaida. Hufupisha ugonjwa kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Walionufaika zaidi ni wakimbiaji wa masafa marefu, wanajeshi na wengine waliofanya kazi ngumu sana kwenye baridi. Kuanza kuimeza baada ya kuugua hakukuonyesha faida ya kutegemewa. Matunda na mboga, gramu 400 kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, zinatosha.

Vitamini D ni habari nyingine, na hapa ninamsihi msomaji asipuuze. Ngozi huitengeneza kwa miale ya jua ya aina fulani, ambayo kwa wanaoishi mbali na ikweta huwa dhaifu mno katika miezi ya baridi, hata siku ikiwa angavu. Chakula pekee, yaani samaki wenye mafuta, kiini cha yai na vyakula vilivyoongezewa, mara nyingi hakitoshi. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2016 huwashauri watu wake wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi. Wenye ngozi nyeusi na wanaofunika sehemu kubwa ya mwili wanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ngozi yao huitengeneza polepole au hupata jua kidogo. Kwao ushauri huo ni wa mwaka mzima. Zaidi si bora: mtu mzima asizidishe mikrogramu 100 kwa siku bila usimamizi wa daktari.

Zipo hali ambazo chai na matembezi havitoshi. Mtu mwenye njaa isiyoisha pamoja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito apimwe kisukari mapema. Anayekula chakula kingi kwa muda mfupi akihisi hawezi kujizuia, kisha akajificha, akajitapisha au akajifungia bila kula, ana ugonjwa unaotibika, na anastahili kuhudumiwa bila kuaibishwa. Na yule ambaye huzuni ya majira ya baridi imedumu zaidi ya wiki mbili, imemwondolea furaha ya mambo aliyoyapenda, au imemletea mawazo kwamba kuishi hakuna maana, asingoje jua lirudi. Amwambie mtu wa karibu leo, na apelekwe hospitali leo hiihii.